Wanja wa mtoto, risasi, na mwanga wa leza

Siku ya arobaini ya mjukuu wetu, nyumba ikiwa imejaa wageni na moshi wa udi, ubishi ulizuka chumba cha ndani. Bi mkubwa, yaani mama yangu, alikuwa ameshika kikopo chake cha wanja wa manga na kijiti, anataka kumtia mtoto machoni kama alivyowatia wote waliozaliwa mbele yake. Mpwa wangu, ambaye ndiye mzazi, akamfunika mtoto uso kwa leso. Kliniki walimwambia wanja una sumu.

"Sumu?" Bi mkubwa akauliza. "Nimewatia nyinyi nyote, na mama yako nimemtia. Nani aliyepofuka?"

"Si macho, bibi," mpwa wangu akajibu kwa adabu lakini hakuitoa leso. "Wanasema inaingia kichwani, mtoto akikua hashiki masomo."

Bi mkubwa akanigeukia mimi. Kwetu mimi huhesabiwa mjuzi wa mambo haya kwa kuwa nina diploma ya ufundi wa maabara, ingawa ni miaka mingi sijavaa koti jeupe. "Haya, wewe uliyesoma. Una sumu, hauna?"

Kusema kweli sikujua. Nilijua kwamba kuna wanja wenye risasi na kuna usio nayo. Huu wa kikopo, alioletewa na jamaa waliokwenda Umra, ulikuwa unga mweusi tu, unaometa kidogo ukiupeleka penye mwanga. Nikasema nitaupima. Maneno rahisi hayo, yakakata ubishi, watu wakarudi kwenye pilau. Mimi nikabaki na deni.

Makala haya ni juu ya namna deni hilo lilivyolipwa, na juu ya mbinu iliyotumika: kupiga kitu kwa leza na kusoma mwanga kinaoutoa, ili kujua kimeumbwa kwa nini. Nimeona niieleze kwa kirefu kwa sababu hapa pwani tunauziwa vitu vingi ambavyo macho hayawezi kuvijua, na tumekwisha kulipa gharama kubwa kwa kutovijua.

Kwanza tuuelewe wanja wenyewe. Risasi ninayoizungumzia ni ile madini nzito, laini, ya kijivu, iliyomo ndani ya betri za magari na katika chubwi za wavuvi. Katika maumbile mara nyingi hupatikana imeshikana na salfa, na jiwe lake huwa jeusi linalong'aa kama chuma kilichovunjwa sasa hivi. Jiwe hilo huitwa galena. Kuna jiwe jingine, la antimoni na salfa, nalo ni la kijivu cha giza na linang'aa. Yasage yote mawili, uyachekeche kwa kitambaa, uyatie kwenye vikopo viwili. Nakuapia hutajua kipi ni kipi. Vitabu vingi hufasiri ithmid kuwa ni antimoni, lakini wanja unaouzwa masokoni, kuanzia nchi za Ghuba hadi Pakistani na Bangladesh, umepimwa mara nyingi na kukutwa ni galena. Galena safi, kwa uzito, zaidi ya asilimia 86 ni risasi. Kwa hivyo anayemtia mtoto wanja wa aina hiyo anamtia takriban risasi tupu, hata kama nia yake ni Sunna na mapenzi. Sitaingia kwenye fatwa, hiyo si kazi yangu. Ninachosema ni kwamba jina lililoandikwa kwenye kikopo halibadilishi kilichomo ndani.

Na mtoto hauli wanja, utasema. Anaula. Anasugua macho, anatia vidole mdomoni, siku nzima. Tumbo la mtoto mchanga hunyonya risasi kwa kiasi kikubwa kuliko tumbo la mtu mzima, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Ubaya wake mwingine ni kwamba haina sura. Mtoto huwa mzito kujifunza, hana damu ya kutosha, tumbo linamuuma, ana hasira. Na sisi tutasema ni minyoo, ni jicho, ni tabia ya babu yake.

Sasa, mwanga unaingiaje hapa?

Kila mwenye jiko la gesi amekwisha kufanya jaribio hili bila kujua. Mchuzi ukifurika ukamwagikia motoni, ule moto wa buluu hugeuka manjano kwa sekunde chache. Manjano ile ni chumvi, na hasa ni sodiamu iliyomo ndani ya chumvi. Nyunyiza chumvi motoni makusudi, utaiona tena. Fataki za Idd ni hadithi hiyohiyo: kijani hutoka kwa bari, nyekundu hutoka kwa stronti. Waya wa shaba ukiungua, moto huingia ukijani. Kila elementi ikipashwa moto vya kutosha hutoa rangi zake, wala haiazimi rangi za mwenzake.

Sababu yake iko ndani ya atomi. Mtazame mkwezi anavyopanda mnazi. Shina limekatwa vidato, naye huweka mguu kwenye kidato hiki au kile. Katikati ya vidato hapana pa kukanyaga. (Ndiyo, ni neno lilelile tulilolipeleka shuleni tukasema kidato cha kwanza, kidato cha nne.) Elektroni nazo huzunguka ndani ya atomi kwenye vidato vyake. Ukiipa atomi joto, elektroni hupanda kidato cha juu. Haikai huko, huanguka, na nguvu iliyokuwa nayo huitoa kama chembe ya mwanga. Anguko refu hutoa mwanga wa upande wa zambarau, anguko fupi hutoa wa upande wa nyekundu. Na kwa kuwa kila elementi ina mnazi wake, uliokatwa vidato kwa nafasi zake yenyewe, maanguko yake hayafanani na ya elementi nyingine yoyote.

Jicho letu huona rangi moja iliyochanganyika. Ukipitisha mwanga ule kwenye kifaa cha kuutawanya, kama matone ya mvua yanavyoutawanya mwanga wa jua tukaona upinde, rangi hujipanga, na badala ya mchanganyiko unaona mistari myembamba, kila mmoja mahali pake. Mahali hapo hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita. Sodiamu ina mistari miwili ya manjano iliyobanana, kwenye 589.0 na 589.6. Risasi ina mstari wake mashuhuri wa zambarau kwenye 405.8. Mistari hiyo haibadiliki ukiwa Lamu, Nairobi au mwezini.

Elimu hii ya kuutawanya mwanga ina mizizi mirefu, na sehemu yake ni ya kwetu Waislamu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika kitabu chake cha mwanga na uoni mwanzoni mwa karne ya 11, na Kamal al-Din al-Farisi, aliyefuata nyayo zake, akaufafanua upinde wa mvua mwanzoni mwa karne ya 14 kwa kutumia tufe la kioo lililojazwa maji. Lakini kuitumia mistari kama kitambulisho cha elementi ni kazi ya Wajerumani wawili, Bunsen na Kirchhoff, pale Heidelberg, kuanzia 1859. Mwaka uliofuata waligundua elementi mpya, sesi, ndani ya maji ya chemchemi, kwa kuona mistari ya buluu isiyo na mwenyewe. Mwaka 1868 wanajimu waliona kwenye mwanga wa jua mstari wa manjano usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Wakaiita heliamu, kutokana na jina la Kigiriki la jua, na ikachukua hadi 1895 kuipata hapa ardhini. Hebu fikiria: tuliijua ya jua kabla ya kuijua ya nyumbani.

Tatizo ni kwamba jiwe si chumvi. Utaliweka galena juu ya jiko la gesi hadi Magharibi na hutapata chochote cha maana, isipokuwa moshi mbaya ambao nakuomba usiuvute. Kwa hivyo kwa miaka mingi, ili kupima jiwe au chuma au udongo, ilibidi usage sampuli, uiyeyushe kwa asidi kali, uichuje, kisha uipulize kwenye moto wa mashine. Mimi nimeifanya kazi hiyo chuoni. Ni kazi ya siku mbili tatu, ya glavu zilizotoboka na kikohozi, na ukikosea hatua moja unaanza upya.

Leza ilikuja mwaka 1960, Theodore Maiman alipoiwasha ya kwanza huko California kwa kipande cha yakuti nyekundu. Miaka miwili baadaye watu walikuwa wameshaanza kuitumia kulipua chembe za vitu na kutazama mwanga unaotoka. Wazo ni hili. Mwanga wa leza unaweza kukusanywa kwenye nukta ndogo kuliko kichwa cha pini, na unaweza kufyatuliwa kwa mpigo mfupi mno, kama sehemu 5 hadi 10 za bilioni ya sekunde. Nishati ya mpigo mmoja ni ndogo hata haitoshi kupasha kijiko cha maji ukahisi. Ila kwa kuwa imebanwa mahali padogo na muda mdogo, kwa kitambo kile nguvu yake huzidi wati milioni moja. Hakuna jiwe linalostahimili. Chembe kidogo ya juu hugeuka mvuke, na mvuke hupasuka hadi elektroni zinatoka kwenye atomi zake. Hali hiyo huitwa plazima, nawe umeiona kwenye radi na kwenye cheche za fundi wa kuchomelea. Joto lake hupita nyuzi 10,000, wakati uso wa jua ni kama 5,500. Unasikia "ta!" kama kijiti kilichovunjika, unaona nyota ndogo nyeupe, basi.

Hapo panahitaji subira ya ajabu. Mwanzoni kabisa plazima hutoa mwanga mweupe wa vurugu usiosema kitu. Mashine husubiri, kiasi cha sehemu moja ya milioni ya sekunde, plazima ipoe kidogo na elektroni zianze kurudi vidatoni, ndipo inafungua jicho lake. Mwanga hupita kwenye uzi wa kioo, huingia kwenye kitawanyishi, na kwenye skrini hutokea mchoro wenye vilele vingi kama minara. Kila mnara una namba yake. Unasoma: hii ni shaba, hii kalisi, hii chuma, na hii, kwenye 405.8, ni risasi. Kutoka mpigo hadi jibu ni sekunde chache. Kwenye sampuli hubaki kitundu ambacho pengine utahitaji lenzi kukiona.

Kwa kuwa kinachohitajika ni mwanga kwenda na mwanga kurudi, huna haja hata ya kukigusa kitu. Ndiyo maana Wamarekani na Wafaransa walikifunga kifaa cha namna hii juu ya gari la Curiosity lililotua Mirihi Agosti 2012. Jiwe la kwanza lilipigwa mapigo 30 kwa sekunde 10, na kifaa chenyewe kimetengenezwa kulipua mwamba ulio umbali wa hadi mita 7. Wala si mambo ya Mirihi na Ulaya tu: hapa kwetu watafiti wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamechapisha kazi kwa mbinu hii. Na waliopima wanja kwa leza ni wanafizikia wa Dhaka, Bangladesh, waliochapisha matokeo yao mwaka 2012 wakionyesha risasi katika wanja wa jiwe unaouzwa kwao.

Kuna ndugu yake mmoja wa mbinu hii anayetuhusu moja kwa moja. Badala ya kusoma mwanga, unalichukua lile vumbi lililolipuliwa na leza, unalisukuma kwa gesi hadi kwenye mashine inayohesabu atomi kwa uzito wake. Wanaakiolojia wamezipima hivyo shanga za kioo zilizofukuliwa kwenye magofu ya pwani yetu, wakazilinganisha na zile za Chaul, bandari ya kale ya magharibi ya India. Kilichowasaidia kutenganisha makundi ya shanga ni vitu kama urani, kidogo sana, iliyoingia pamoja na mchanga ulioyeyushwa kutengeneza kioo. Mwenye kuivaa shanga ile hakujua, wala muuzaji. Mchanga ndio uliokumbuka.

Narudi kwenye mambo ya kila siku. Msomaji wangu mmoja aliwahi kuniuliza kama leza inaweza kumsaidia asiuziwe dhahabu feki. Inaweza, kwa sharti. Dhahabu ya karati 22 ina dhahabu asilimia 91.6, iliyobaki ni shaba, fedha na kadhalika, na mistari ya vitu hivyo huonekana vizuri. Lakini mpigo mmoja husoma ngozi tu. Bangili ya shaba iliyopakwa dhahabu itasomeka dhahabu. Ukiendelea kupiga palepale, kitundu huenda chini kidogo kidogo, na kama ni ya kupaka utaona minara ya dhahabu inashuka na ya shaba inapanda. Hapo ndipo leza inapoishinda mbinu ya kupima ndani ya maji, kwa sababu kuna chuma kinachoitwa tangsteni ambacho uzito wake unakaribia mno ule wa dhahabu, na matapeli wanakijua. Masonara wetu wa zamani kwa jiwe jeusi la kusugulia na tone la asidi walifanya makubwa, nawaheshimu, ila nao wanasugua ngozi.

Sasa nifike kwenye kasoro kubwa, ambayo wauza mashine huipitia mbio. Leza ni hodari kwa majina, lakini kwa viasi ni mtu wa kusimamiwa. Kukwambia "hapa kuna risasi" ni kitu kimoja. Kukwambia "hapa kuna risasi gramu 300 katika kila tani" ni kingine. Urefu wa mnara hautegemei risasi peke yake. Udongo mkavu na udongo wa majimaji, mchanga wa ufukweni na udongo mwekundu wa Kilifi, vyenye risasi sawasawa, vitatoa minara tofauti, kwa kuwa kila kimoja kinalipuka kivyake. Mashine bila sampuli za kulinganishia ni mizani bila mawe. Lazima uwe na udongo unaofanana na huo wako, ambao kiasi chake cha risasi kimekwisha kupimwa kwa njia ya kale ya asidi, uupige huo kwanza, ndipo namba zako ziwe na maana. Na kwa damu ya mtu, ambako tunatafuta viasi vidogo mno, nenda maabara ya hospitali yenye mashine zake. Leza ya mkononi si mahali pake. Tena mwanga wake hupofusha, hasa kwa kuwa leza nyingi za kazi hii hazionekani kwa macho. Asiyevaa miwani yake asisogee.

Kuna pia ile bunduki ya miale ya eksirei, ambayo wenye yadi za vyuma chakavu wameanza kuwa nayo. Niliiona kwa mara ya kwanza kijana mmoja akiielekeza kwenye bomba kuukuu: akabana, akasubiri kidogo, akasema "hii ni ya steli isiyoshika kutu", akalitupa kwenye lundo la bei ya juu. Hiyo si leza. Ni binamu yake, na nisiwe mtu wa kupigia debe ninachokiandikia: kwa kutafuta risasi kwenye udongo na rangi za nyumba, bunduki ya eksirei imezoeleka zaidi na namba zake ni tulivu zaidi. Leza inaizidi kwenye elementi nyepesi kama lithiamu na kaboni ambazo bunduki za mkononi hazizioni, kwenye nukta ndogo, na kwenye vitu vya mbali. Serikali ya kaunti yetu ikiniuliza inunue ipi kwanza, nitasema ya eksirei. Lakini inunue.

Nasema hivyo kwa sababu ya Owino Uhuru.

Wengi wenu mnaijua, kile kijiji cha Mikindani chenye wakazi kama 3,000. Mwaka 2007 kulianza kiwanda ukutani mwa kijiji, cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi. Phyllis Omido aliajiriwa hapo 2009, akiwa na mtoto anayenyonya. Mtoto akaugua. Akapimwa malaria, akapimwa homa ya matumbo, hakuna. Ilichukua muda kabla mtu hajafikiria kupima risasi, na ilipopimwa ikakutwa ndani ya damu yake. Kiwanda kilifungwa 2014, wakati risasi imekwisha kuingia kwenye mavumbi ya nyuani, kwenye mapaa na ndani ya watoto. Mwaka 2015 mama huyo alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda rufaa ikapinduliwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi ule wa kwanza.

Soma miaka hiyo tena. Kutoka 2007 hadi 2024. Sisemi mashine ingekizuia kiwanda. Kilichokosekana pale kilikuwa zaidi ya mashine. Lakini watu wale walisema tangu mapema kwamba moshi unawachoma koo, kuku wanakufa, watoto wanadhoofu, na kila ofisi iliwasikiliza kama watu wanaolalamika. Malalamiko yaligeuka kesi pale yalipopata namba: risasi kiasi hiki kwenye udongo, kiasi hiki kwenye damu. Maskini akisema "naumwa" anaambiwa ni malaria. Akija na karatasi yenye namba, inabidi mtu amjibu kwa namba.

Na namba za udongo leo zinaweza kupatikana kwa kutembea. Mtu mmoja na kifaa cha mkononi, cha eksirei au cha leza, pamoja na mawe yake ya mizani, anaweza kuzunguka kijiji kama kile ua kwa ua kwa siku chache, akachora ramani: hapa watoto wasicheze, hapa pafukuliwe, hapa pako salama. Marekani kwa miaka mingi walihesabu sehemu 400 za risasi kwa milioni kuwa ndipo pa kushtuka kwenye ua wa nyumba. 2024 wakashusha hadi 200. Yaani gramu 200 tu katika tani nzima ya udongo. Hazionekani, hazina harufu. Mapande ya betri bado yanavunjwa vichochoroni kwetu, na kuna mafundi wanaoyeyusha chubwi kwenye sufuria za nyumbani ambazo Jumamosi zitapikiwa. Nani amewapimia?

Kuhusu kikopo cha Bi mkubwa. Nina jamaa anayefanya kazi kwenye maabara ya fizikia huko bara. Nikamtumia unga kiasi cha nusu kijiko cha chai, nimeufunga kwenye karatasi na kuutia ndani ya chupa ya dawa iliyosafishwa. Akaushindilia ukawa kidonge kigumu kama peremende, maana unga mtupu leza huurusha hewani, akaupiga. Baada ya wiki mbili akanitumia mchoro kwa simu. Minara ya risasi imesimama kama minazi, 405.8 ukiwa wa mbele. Antimoni aliitafuta kwenye mistari yake, hakuiona. Nikamwuliza ni asilimia ngapi. Akacheka, akasema mimi mwenyewe nilisoma kazi hii, nijue kwamba hana wanja wa kulinganishia: amenipa jina, kiasi hakupi. Nilimpenda kwa jibu hilo.

Nikaenda kumwonyesha mama. Alivaa miwani, akaitazama simu muda mrefu, akaniuliza huo mrefu ndio nini. Nikamwambia ndiyo risasi. Akaniuliza kama nina hakika, nikasema nina hakika ni risasi, nisichojua ni kiasi gani. Akanyamaza. Nje mpwa wangu alikuwa akimwogesha mtoto, anasikika akipiga maji.

"Na nyinyi je," akasema, "niliowatia?"

Nikamwambia ya kale yamepita, mwili hujitahidi, na sote tu wazima, Alhamdulillahi. Alinitazama kama ananijua nilivyo tangu utotoni. Kisha akakifunga kikopo ndani ya kitambaa, mafundo mawili, akaniomba nikipandishe juu ya kabati ambako watoto hawafiki. Kukitupa amekataa, amesema alikiletea mtu kutoka Madina na hajui kinatupwa wapi. Nami, nikifikiri ule unga utakavyoingia jaani na mvua itakavyoupeleka, sikujua pia.